Hesabu anaijua, Kiingereza ndicho kinachomkwamisha

*Watoto wengi wa Kakamega huanza shule kwa lugha wasiyoisikia nyumbani. Sera ya kuwasaidia imekuwapo tangu 1976, lakini madarasa mengi bado hayajaiona.*

Mtoto wa Gredi ya 2 anayemsaidia nyanyake kuuza mayai katika soko la Khayega, eneobunge la Shinyalu, hahitaji kikokotoo. Mteja akichukua mayai manne ya shilingi 15 kila moja na kutoa noti ya mia, mtoto anamrudishia 40 kabla mfuko haujafungwa. Hesabu hiyo ameifanyia kichwani, kwa Lwisukha, lugha ya nyumbani kwao.

Kesho yake darasani anafungua kitabu cha Hisabati. Swali ni la Kiingereza: fulani alikuwa na mayai 15, akauza sita, "how many eggs are left?" Mtoto anakwama. Neno "left" alifundishwa wiki iliyopita, wakati wa wimbo wa viungo vya mwili: ni mkono wa kushoto. Mayai na mkono wa kushoto vinakutana wapi? Anatazama ubao, anamtazama jirani, kisha anaandika 21, kwa kuwa ameona mara nyingi kwamba namba mbili zikiwekwa pamoja hujumlishwa. Mwalimu anakata kwa wino mwekundu.

Rekodi ya darasa itaonyesha kuwa mtoto huyu ni dhaifu katika Hisabati. Rekodi hiyo itakuwa imesema uongo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, yenye kaunti ndogo 12. Upande wa Shinyalu na Ikolomani watoto hukua wakizungumza Lwisukha na Lwidakho. Mumias na Matungu ni Luwanga, Butere ni Lumarama, Khwisero ni Lushisa, Malava ni Lukabarasi, Navakholo ni Lunyala, na viunga vya Lurambi ni Lutsotso. Lugha hizi ni ndugu, lakini hazifanani kiasi cha kitabu kimoja kuzitosha zote. Kiswahili mtoto hukisikia sokoni, kanisani, redioni na kwa wahudumu wa bodaboda. Kiingereza kwa wengi huja cha tatu, na hukutana nacho kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kwenye dawati.

Njaa ya tangu enzi za ukoloni

Wanaowalaumu wazazi wa leo kwa kukimbilia Kiingereza wanasahau walikotoka wazazi hao. Katika miaka ya 1920, Baraza la Wenyeji la Kavirondo Kaskazini, lililowakilisha Waluhya mbele ya serikali ya kikoloni, lilianza kutenga fedha za kodi ili eneo lipate shule ya serikali. Wazee waliona kwamba shule za misheni ziliwafundisha vijana kusoma Biblia na kushika randa, lakini hazikuwafikisha ofisini. Shule ya Kakamega, iliyofunguliwa 1932, ni tunda la msukumo huo. Walowezi wengi nchini walipendelea Mwafrika asijue Kiingereza kingi, na wazee hao waliielewa vyema maana ya kunyimwa.

Baada ya vita vya pili vya dunia, shule nyingi za Waafrika zilianza kwa lugha za mama. Kisha, mwaka 1957, majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza yalianza katika shule za watoto wa Kiasia jijini Nairobi. Mpango huo ulienea upesi, na uhuru ulipopatikana Tume ya Ominde ya 1964 ikaukubali: Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo.

Miaka 12 baadaye taifa lilikuwa limeona matokeo. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo ilipo shule, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo hadi kichukue usukani darasa la nne. Msimamo huo haujafutwa hadi leo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza nchi nzima 2019, uliurithi. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili na matumizi yake.

Ratiba ya shule inasimulia hadithi nyingine. Mtaala ulipopunguzwa masomo kufuatia kazi ya jopo la Profesa Raphael Munavu, somo la lugha ya kiasili katika Gredi ya 1 hadi 3 lilibakiziwa vipindi 2 kwa wiki. Kiingereza kina vipindi 5.

> Vipindi 2 kwa wiki kwa lugha ambayo mtoto anaifahamu, 5 kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anaisikia.

Kukipa Kiingereza vipindi vingi kama somo si kosa, kwa sababu kinahitaji muda. Kosa linaanza pale Kiingereza kinapovuka mipaka ya vipindi vyake na kumeza Hisabati, Mazingira na hata salamu za asubuhi, wakati mtoto bado hajakielewa.

Mzazi ana hoja

Katika mji wa Kakamega, mabango ya akademi za binafsi huahidi Kiingereza kuanzia chekechea. Mzazi wa Amalemba au Lurambi anayebana matumizi ili alipe karo huko hafanyi hivyo kwa kudharau lugha yake. Ameangalia mitihani. Katika miaka ya mwisho ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, alama zilikuwa 500 kwa karatasi tano, na karatasi nne kati ya hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekijua alikuwa na nafasi mara nne. KCPE imeondoka na KPSEA ya Gredi ya 6, iliyoanza 2022, imechukua nafasi yake, lakini lugha ya maswali mengi haijabadilika.

Mbele ya hapo kuna shule ya sekondari, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, fomu za kazi, mahojiano. Kote huko mlango unafunguliwa kwa Kiingereza. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe aanze kwa Lukabarasi, anasikia kwamba mtoto wa tajiri atatangulia na wake atabaki kijijini. Hofu hiyo ni halali, na mtetezi yeyote wa lugha ya mama asiyeijibu anastahili kupuuzwa.

Jibu lipo, na linahusu namna mtoto anavyokipata Kiingereza chenyewe. Msomi wa Kanada Jim Cummins alionyesha katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba mtoto huweza kuokota lugha ya pili ya kuzungumzia uwanjani kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya kusomea, ile ya kueleza sababu, kulinganisha na kufafanua, humchukua miaka mitano hadi saba. Mtoto anayejibu "I am fine, thank you teacher" kwa sauti ya kuimba hajafika. Wengi wetu tumedanganywa na wimbo huo.

Pengo linajitokeza Gredi ya 4. Masomo yanaongezeka, vitabu vinakuwa vinene, picha zinapungua. Shirika la Usawa Agenda lilipowapima watoto nchini mwaka 2021, lilikuta kuwa ni takriban wanne tu kati ya kumi wa Gredi ya 4 walioweza kusoma vizuri hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha Gredi ya 3. Waliosalia hukaa darasani mwaka mzima wakinakili kutoka ubaoni maneno wasiyoyaelewa.

Kibao shingoni

Kuna njia moja ya "kusaidia" ambayo wakazi wengi wa umri wa kati wataikumbuka: kibao. Mtoto akisikika akizungumza lugha ya nyumbani, anavishwa. Naye hutega sikio hadi amnase mwenzake na kumpasia. Jioni, aliyebaki nacho hulipia kwa viboko au kwa kufagia. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliueleza utaratibu wa aina hiyo aliouona akiwa mwanafunzi Limuru, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu siasa za lugha. Vizazi vya baada yake viliukuta ukiendelea.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku kumwadhibu mwanafunzi kwa viboko au kumtesa kiakili. Kibao kinafanya yote mawili. Shule yoyote inayokitumia inavunja sheria, na tena inajidhuru: mtoto anayeogopa kukosea hufunga mdomo, na hakuna anayejifunza lugha kwa mdomo uliofungwa.

Kuna pia dhihaka inayopita kama mzaha. Katika lugha nyingi za Waluhya sauti za b, d na g hazisimami peke yake. Hukaa baada ya m au n. Ndiyo maana mtoto anayeanza Kiingereza husema "pook" akimaanisha kitabu. Darasa linacheka, wakati mwingine mwalimu naye. Mwalimu aliyefunzwa angejua kosa hilo linatoka wapi, angelitarajia, na angemzoesha mtoto kusikia tofauti ya sauti mbilimbili kwa dakika chache kila siku. Lafudhi itakayobaki baada ya hapo haimzuii mtu kuwa daktari wala jaji.

Jaribio la jirani

Wanaopigania lugha ya mama nao wana swali la kujibu, na limetoka jirani kabisa, Bungoma.

Kati ya 2011 na 2014, Wizara ya Elimu na washirika wake waliendesha mradi wa PRIMR wa kuboresha usomaji na hesabu katika madarasa ya mwanzo. Katika tawi moja la mradi, watoto wa Bungoma walifundishwa kusoma kwa Lubukusu, na wa Machakos kwa Kikamba, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walilinganisha shule hizo na zile zilizopata msaada kama huo bila lugha ya mama.

Watoto waliofundishwa kwa lugha yao waliisoma vizuri zaidi lugha hiyo. Katika Kiingereza na Kiswahili walikuwa sawa na wenzao. Katika hesabu walikuwa nyuma.

Kila upande umechukua kipande cha matokeo hayo kinachoufaa. Mimi nayasoma hivi: muda uliotumika kwa Lubukusu haukuwaibia watoto Kiingereza chao, jambo ambalo mzazi wa Malava anapaswa kuambiwa wazi. Lakini lugha ya mama peke yake haikuleta muujiza. Mwalimu aliyesomea hesabu kwa Kiingereza maisha yake yote hawezi kuamka asubuhi moja akafundisha sehemu na maumbo kwa Lubukusu bila istilahi, bila vitabu, bila mafunzo.

Mradi wa Nigeria ulioanza 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa wa Chuo Kikuu cha Ife unathibitisha upande wa pili wa hoja. Watoto walisomeshwa kwa Kiyoruba kwa miaka sita yote ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyebobea katika lugha hiyo. Mwishoni hawakuwa nyuma ya wenzao kwa Kiingereza, na katika masomo mengine waliwatangulia. Huko vitabu viliandikwa kwanza, walimu wakaandaliwa, ndipo watoto wakaingia.

Kakamega ina ugumu wa ziada. Lugari na Likuyani ni maeneo ya skimu za makazi ambako Wabukusu, Wamaragoli, Wakalenjin na wengine wanakaa boma kwa boma. Huko lugha ya pamoja ni Kiswahili, na ndicho kinachofaa kuanzia. Kwingineko, katika miaka ya 1940, kamati ya lugha ilijaribu kuunda maandishi ya pamoja ya Kiluhya. Wabukusu na Wamaragoli hawakuyakubali. Kitabu kimoja cha "Kiluhya" kwa kaunti nzima hakitafaulu leo kama ambavyo hakikufaulu wakati ule.

Msaada unaoonekana

Wakati vitabu vikisubiriwa, kuna mengi ambayo mwalimu mwenye watoto 70 na chaki anaweza kuyafanya, na hayahitaji idhini ya waziri.

La kwanza ni kusikia na kusema kabla ya kusoma. Mtoto asitakiwe kusoma kwa sauti sentensi ya Kiingereza ambayo hajawahi kuisikia na kuielewa. Wiki za mwanzo ziwe za vitu vinavyoshikika: jembe, sufuria, kuku, mlango, "lete", "weka", "fungua". Mwalimu asema, mtoto atenda. Nyimbo zisaidie, na hapa Kakamega hatuna haja ya kuazima midundo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, imejengwa juu ya kiongozi kuita na kundi kuitikia. Sentensi ya Kiingereza ikiitwa na kuitikiwa kwa ngoma hiyo mara ishirini haisahauliki, na mtoto mwenye haya amejificha salama ndani ya sauti za wenzake hadi apate ujasiri.

La pili ni kuitumia lugha ya nyumbani kwa makusudi. Walimu wengi huitumia kwa siri, wakiona aibu mkaguzi akiingia. Waitumie wazi, kwa mpango. Dhana mpya, kwa mfano uvukizaji, ielezwe kwa Luwanga au Kiswahili kwa mfano wa mahindi yanayoanikwa. Watoto wajadiliane wawiliwawili kwa lugha wanayoimudu. Kisha mwalimu atoe maneno matano ya Kiingereza ya somo hilo na mifupa ya sentensi ubaoni, na kila jozi ijaze na kusema mbele ya darasa. Mtoto anakuwa na jambo la kusema kabla ya kutakiwa kulisema kwa Kiingereza. Mwalimu anayetafsiri kila sentensi papo hapo, kwa upande mwingine, huwafundisha watoto kungoja tafsiri na kuziba masikio kwa Kiingereza; hilo nalo liepukwe.

La tatu linarudi kwenye Hisabati. Kabla ya maswali ya maneno, mwalimu afundishe maneno ya maswali: "left", "altogether", "share equally", "more than". Ni machache, na yakibandikwa ukutani na kuchezewa kwa mawe na vijiti, mtoto anayejua hesabu ataonekana kuwa anaijua. Mwalimu akitaka kujua kama tatizo ni hesabu au lugha, amsomee mtoto swali lile lile kwa lugha ya nyumbani. Inachukua nusu dakika.

La nne ni namna ya kusahihisha. Mtoto akisema "she" akimzungumzia babake, ni kwa sababu lugha zetu hazitenganishi "he" na "she". Mwalimu arudie sentensi kwa usahihi kama anayeendeleza mazungumzo, bila kumsimamisha.



Na wazazi? Mzazi asiyejua Kiingereza hana sababu ya kujitenga na masomo ya mwanawe. Hadithi za jioni, vitendawili, kumtaka mtoto asimulie alichojifunza kwa lugha ya nyumbani: hayo hujenga uwezo wa kupanga mawazo, na uwezo huo huhamia Kiingereza. Kiingereza cha kuvunjikavunjika ambacho baadhi ya wazazi hujilazimisha kuongea na watoto nyumbani huwanyima watoto lugha moja kamili bila kuwapa nyingine.

Tanzania imefika mbali kidogo katika vitabu. Huko mtoto husoma msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha kufundishia Kidato cha Kwanza, mshtuko unaofanana na wa Gredi ya 4 kwetu ila umechelewa. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao waliandaa vitabu vya majaribio vyenye Kiingereza chepesi, picha nyingi, faharasa ya maneno kwa Kiswahili na mazoezi ya kuzungumza kabla ya kuandika. Hapa Kenya mpango wa Tusome, kuanzia 2015, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, na kumpa mwalimu mwongozo wa kila siku. Usomaji ulipanda. Mfadhili wake mkuu, shirika la Marekani la USAID, lilifungwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 2025. Mpango mwingine wa aina hiyo itabidi tuulipie wenyewe.

Mlango ulio wazi Kakamega

Elimu ya msingi na ajira ya walimu wake iko mikononi mwa serikali kuu na Tume ya Huduma kwa Walimu. Hivyo viongozi wa kaunti hupenda kusema kuwa lugha ya darasani si yao. Lakini Ratiba ya Nne ya Katiba inaipa kaunti elimu ya chekechea. Walimu wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, huajiriwa na kaunti, hulipwa na kaunti, na wengi wao wanafundisha karibu na walikozaliwa, kwa hiyo lugha ya watoto wanayo tayari. Miaka hiyo miwili, mtoto akiwa na umri wa miaka minne na mitano, ndiyo inayoamua kama ataingia Gredi ya 1 akiwa na masikio yaliyozoea Kiingereza na ulimi usioogopa, au atakuwa amekariri alfabeti tu.

Chuo cha Walimu cha Eregi kiko Ikolomani. Masinde Muliro iko mjini. Wanaozijua lugha hizi kwa kina, wakiwamo walimu wastaafu na watangazaji wa redio za lugha za nyumbani, wapo katika kila wadi. Vijitabu vya hadithi vya kurasa nane kwa Lwisukha, Luwanga, Lumarama na Lukabarasi, kila kimoja na mwenzake wa Kiingereza chepesi, vinaweza kuandikwa na kuchapishwa humu humu Kakamega.

Bunge la Kaunti ya Kakamega litenge fedha katika bajeti ijayo kwa mambo mawili: mafunzo ya walimu wa chekechea kuhusu kufundisha Kiingereza kuanzia lugha ya nyumbani, na uchapishaji wa vijitabu hivyo. Nawe mzazi, katika mkutano ujao wa shule, baada ya habari za karo na uji, simama uulize: mwanangu anafundishwa Hisabati kwa lugha gani, na mwalimu anajuaje kwamba amemwelewa? Na ukisikia kwamba kibao bado kinazunguka shuleni humo, dai kiondolewe siku hiyo hiyo.